Barua kwa Mwanangu: Kinyonga Hubadilika Rangi ili Aonekane

Kisauni, Mombasa

Mwanangu mpendwa Mwanajuma,

Asalaam aleikum. Ujumbe wako nimeupata, na swali lako linastahili jibu refu kuliko lile linaloandikwa kwenye simu. Umeniuliza kama ni kweli kinyonga huchukua rangi ya kila anapowekwa, kama anavyoonekana katika ile video aliyokuonyesha mwanao, ambamo kinyonga anapandishwa juu ya miwani ya rangi mbalimbali akageuka mwekundu, kisha buluu, kisha zambarau. Na kama si kweli, basi hugeuka vipi, na kwa nini.

Video hiyo imetengenezwa kwa kompyuta. Aina za vinyonga zinapita 200, na kila aina ina rangi zake ilizoumbiwa, ambazo haiwezi kutoka nje yake. Huyu wetu wa pwani, mwenye vipande viwili vya ngozi nyuma ya kichwa, huenda na kurudi kati ya kijani, manjano, hudhurungi na madoa meusi. Mweke juu ya kanga nyekundu kutwa nzima, hatakuwa mwekundu.

Kuhusu namna anavyogeuka, kwa muda mrefu wataalamu waliamini kwamba yote hufanywa na chembe za rangi zinazotawanyika na kukusanyika ndani ya seli za ngozi. Chembe hizo zipo, hasa zile nyeusi za melanini, ambazo zikitawanyika ngozi huwa nyeusi na zikikusanyika ngozi huwa nyeupe zaidi, lakini hazitoshi kueleza kila kitu. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Geneva, nchini Uswisi, waliochunguza kinyonga mmoja wa Madagaska ambaye madume yake ni maarufu kwa rangi kali, walionyesha kwamba chini ya tabaka la seli za manjano kuna seli zilizojaa fuwele ndogo mno za guanini, kitu kile kile kinachong'arisha magamba ya samaki. Fuwele hizo hazina rangi yoyote. Rangi hutokana na nafasi iliyopo kati yake, kama vile mafuta yaliyomwagika juu ya maji pale kivukoni Likoni yanavyoonyesha rangi nyingi ilhali yenyewe hayakutiwa rangi. Dume akiwa ametulia, fuwele hukaribiana na kurudisha mwanga wa buluu, ambao ukipita katika lile tabaka la manjano humfanya aonekane kijani. Akipandwa na hamaki, fuwele huachana, mwanga unaorudi huwa wa manjano, wa machungwa hata mwekundu, na yote haya hukamilika kwa dakika chache tu. Watafiti hao hata walichukua kipande cha ngozi wakakitia katika maji ya chumvi, na kadiri seli zilivyopoteza maji na fuwele kusogeleana, rangi ikabadilika mbele ya macho yao. Mimi hapo husema Subhanallah.

Sasa kwa nini. Watu wengi husema ni kujificha, lakini rangi ya kinyonga aliyetulia tayari inafanana na majani na matawi anamoishi, kwa hiyo ili ajifiche inamtosha kukaa kimya. Sababu moja ya kugeuka ni joto. Asubuhi, kabla jua halijakolea, mtazame yule anayekaa kwenye ua wetu wa michongoma: hujibana mbavu akawa bapa, akaelekeza ubavu mmoja juani, na ubavu huo huwa mweusi kuliko wa pili, kwa kuwa rangi nyeusi hunyonya joto; akishapata joto la kutosha, hurudia ukijani wake.

Sababu kubwa zaidi ni mazungumzo. Kinyonga hana sauti ya maana, bali macho yake huona rangi vizuri sana, na ngozi ndiyo ulimi wake. Majike wa aina nyingi wakishashika mimba hutoa rangi za kumwambia dume asisogee. Madume wa kinyonga wa Yemen walipopambanishwa katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013, yule ambaye kichwa chake kiling'aa zaidi na kubadilika upesi zaidi ndiye aliyeelekea kushinda, na anayeshindwa hufifia akawa mweusi ili aachwe salama. Ndiyo maana ukimnyanyua kinyonga ukamweka juu ya kitambaa cheusi naye akaingia weusi, usidhani ameiga kitambaa. Amekuogopa wewe, na mwambie mjukuu wangu amrudishe mtini.

Ushahidi unaonivutia kuliko wote umetoka kwa vinyonga wa Kenya hii hii. Wale wenye pembe tatu wa nyanda za juu walipelekwa Hawaii mwaka 1972, wakaachiliwa huko na kuzaana, mahali ambapo nyoka na ndege wa kuwawinda ni wachache mno kuliko huku kwetu. Utafiti uliotolewa mwaka 2022 uliwalinganisha na jamaa zao waliobaki Kenya, ukakuta kwamba madume wa Hawaii huonyesha rangi kali zaidi wanapogombana na wanapotongoza. Kama kazi ya kugeuka rangi ingekuwa kujificha tu, kupungukiwa na maadui kusingewaongezea mng'ao. Lakini kwa kuwa hofu ya kuliwa ndiyo iliyokuwa ikiwazuia, ilipopungua walipata nafasi ya kusema kwa sauti kubwa zaidi.

Wasalaam,
Babako