Trela kuukuu la boti: anza na habu, rangi iwe ya mwisho

Ndugu uliyeuliza kama trela la boti ulilolinunua kwenye bwawa la Mtera, baada ya kukaa juani miaka mingi, linafaa kukarabatiwa nyumbani au lipelekwe kwa wanunuzi wa chuma chakavu, nakujibu kwa yale niliyoyafanya mwenyewe uani kwangu hapa Dodoma. Trela langu ni la ekseli moja na hubeba boti ya faiba ya mita tano. Lako pia huenda linafaa, ila nakuomba usinunue hata kopo moja la rangi kabla hujafungua habu (kitovu cha gurudumu chenye beringi ndani) na kabla hujaijua hali ya chuma kwa ndani.

Nalisisitiza hili kwa sababu mimi nilianza na rangi. Trela lilipendeza, nikalivuta kuelekea Mtera, na kabla sijafika Fufu gurudumu la kushoto likaanza kutoa moshi. Beringi ilikuwa imesagika na ncha ya ekseli imeungua hadi kubadilika rangi. Nilipofungua upande wa pili, ambao ulikuwa bado unazunguka vizuri, nilikuta grisi imekuwa nyeupe kama maziwa, dalili kwamba imechanganyika na maji kwa muda mrefu.

Trela la boti hufa kwa namna ambayo trela la mizigo halifi. Habu hupata joto barabarani, na hewa iliyomo ndani hutanuka. Ukifika bwawani ukalirudisha trela majini papo hapo, habu hupoa ghafla, hewa ile husinyaa, na maji huvutwa kuingia ndani kupitia sili (mpira wa kuzuia maji) iliyochakaa. Kisha unarudi nyumbani, trela linakaa miezi sita, na kutu inakula beringi pale pale inapogusana na kikombe chake, yaani pete ya chuma ambamo beringi huzungukia. Kwa sababu hiyo sasa nikifika Mtera naliacha trela lipumzike nusu saa au zaidi kabla ya kuliingiza majini.

Kwa hiyo inua upande mmoja kwa jeki, kisha uegemeze ekseli juu ya gogo imara, maana matofali hupasuka bila taarifa. Toa kifuniko cha habu, spliti pini (pini inayozuia nati isilegee), nati na washa, uvute habu yote, uoshe kila kitu kwa mafuta ya taa na ukague mchana kwenye mwanga mzuri. Ukiona vishimo, mistari au rangi ya bluu kwenye beringi, hiyo haifai tena. Namba yake imechorwa ubavuni; yangu ilikuwa L44649, ambayo kikombe chake ni L44610. Badilisha beringi na kikombe kwa pamoja hata kama muuzaji atakuambia kikombe cha zamani kinatosha, kwa kuwa kikombe chenye alama huiharibu beringi mpya. Mimi nilikosa saizi hiyo mjini, nikaiagiza Kariakoo ikaja kwa basi. Tumia grisi inayostahimili maji, uishindilie kwa kiganja hadi itokeze upande wa pili wa beringi, na uweke sili mpya. Wakati wa kufunga, kaza nati huku ukizungusha habu mpaka iwe nzito kidogo, kisha uilegeze na kuikaza tena kwa vidole tu, halafu uweke spliti pini mpya. Beringi iliyokazwa kupita kiasi huungua upesi kama ile isiyo na grisi.

Baada ya habu, geukia fremu. Fundi mmoja mzee wa mtaani kwetu alinikabidhi nyundo ndogo akaniambia, "Mwanangu, gonga usikilize." Chuma kizima hulia kwa sauti kali, na kilichooza hutoa sauti ya kufa, kama unagonga debe lililojaa mchanga. Gonga zaidi upande wa chini wa mabomba ya mraba na karibu na viungo vya kuchomelea, kwa kuwa maji huingia ndani ya bomba na kutuama hapo. Ukame wetu wa Dodoma husaidia chuma kwa nje tu, wala haukaushi bomba lililozibwa pande zote. Kwangu, kipande cha sentimita sitini karibu na ekseli kilitoboka kwa nyundo, nikakikata chote na kuchomelea kipya chenye unene ule ule. Usikubali fundi akubandikie bati juu ya palipooza. Baada ya hapo nilitoboa matundu madogo chini ya kila bomba ili maji yapate njia ya kutokea.

Kama fremu yako imepakwa zinki, saga zinki yote mahali pa kuchomelea, ufanye kazi hiyo nje penye upepo, ukikaa upande ambao moshi hauji. Moshi wa zinki huleta homa na kutetemeka saa chache baadaye, na watu wengi huidhani ni malaria.

Vifaa vidogo kama mnyororo, bawaba na sehemu za winchi (kifaa cha kuvutia boti juu ya trela) nilivitoa kutu kwa umeme na magadi, na ni njia ninayoipenda sana kwa kuwa haimegi chuma kizima. Chukua ndoo ya plastiki, maji lita kumi na vijiko vitatu vya mezani vya magadi. Kifaa chenye kutu unakiunganisha na waya hasi wa chaja ya betri ya volti 12, na waya chanya unaufunga kwenye kipande cha chuma cha kawaida ambacho hakigusani na kifaa chako. Usitumie chuma cha pua upande wa chanya, kwa sababu maji hugeuka sumu. Fanya kazi hiyo nje, mbali na moto, kwa kuwa hutoka gesi inayowaka, na zima chaja kabla ya kutia mkono. Springi na bolti ngumu usizitie humo, kwani zinaweza kuwa tete na kukatika zikiwa na mzigo.

Hapo ndipo rangi inapoingia. Sugua kwa brashi ya waya na msasa, pangusa vumbi kwa tina, paka rangi ya msingi ya kuzuia kutu mara mbili, kisha rangi ya juu. Mwezi wa nane na wa tisa upepo wetu huleta vumbi linaloganda kwenye rangi mbichi, hivyo mimi hupaka alfajiri na kuacha kabla ya saa nne asubuhi.

Tairi zisikudanganye kwa kuwa na kashata (meno ya tairi) nzuri. Soma tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2314 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2014, na tairi ya umri huo iliyokaa juani haifai hata ikionekana mpya. Taa zikikusumbua, anza na waya wa ethi (unaorudisha umeme kupitia fremu), kwani mara nyingi tatizo huwa kutu mahali unapofungwa kwenye fremu.

Boti ikiwa juu ya trela, pima uzito unaokaa kwenye ncha ya kuvutia kwa mizani ya kawaida. Uwe kati ya asilimia 5 na 10 ya uzito wote. Ukipungua, trela huyumba ukiongeza mwendo, na dawa yake ni kusogeza nguzo ya winchi mbele kidogo ili boti nayo isogee mbele. Safari ya kwanza simama njiani, pale Mpunguzi, uguse habu zote mbili. Uvuguvugu ni kawaida, lakini ikiwa kiganja hakivumilii, rudi nyumbani ukafungue upya. Ukishafungua habu, niandikie namba ya beringi na kipenyo cha ncha ya ekseli, nami nitakusaidia kutafuta zinazofanana nazo.