Usisaini hati safi kabla hujachoma kipimajoto ndani ya tunda

Mkuu, weka kalamu chini kwanza. Umeuliza kama usaini hati ya makabidhiano ili dereva aondoke, madai ya ndizi zilizoivia njiani uyaandike wiki ijayo, na kama atakayelipa ni msafirishaji au bima. Ukisaini bila kuandika kasoro yoyote, utajikaba mwenyewe.

Hati safi huchukuliwa kuwa ushahidi wa awali kwamba mzigo umefika salama. Bado unaweza kuupinga, lakini kazi ya kuthibitisha inakuwa yako, na msafirishaji atadai ndizi zimeivia ghalani kwako. Huyo wakala aliyekwambia "saini tu, ni utaratibu" anataka kontena lirudi haraka; hasara yako haimhusu. Ushauri huu unazunguka kila ghala na umewafilisi watu. Inaniuma kuona unarudiwa.

Kabla ya kukata sili ya mlango wa kontena, linganisha namba yake na ya kwenye hati ya shehena, uipige picha. Soma joto lililowekwa kwenye mashine ya kupoza ya kontena, ulilinganishe na maagizo ya mtumaji. Ndizi mbichi husafirishwa kwenye nyuzi 13 hadi 14 hivi. Chini ya hapo ganda hugeuka kijivu na tunda haliivi vizuri. Hewa ya ndani ya kontena usiiamini, mlango ukifunguliwa inabadilika papo hapo. Chukua kipimajoto cha sindano, kijaribu kwenye maji yaliyojaa barafu iliyopondwa mpaka kisome 0, kisha choma mpaka kiini cha tunda: katoni za juu, za kati na za chini, mlangoni, katikati na kule mwisho kwenye mashine. Kila picha ionyeshe usomaji pamoja na lebo ya katoni.

Sasa andika kwenye hati yenyewe, nakala zote. "Mzigo utakaguliwa baadaye" ni maneno matupu. Andika hivi: "Paleti 4 za mlangoni, joto ndani ya tunda nyuzi 19, maagizo 13.5, ganda limegeuka njano." Dereva naye asaini. Akigoma, andika kwamba amegoma, saa ngapi, na shahidi ni nani.

Siku hiyohiyo mwandikie msafirishaji, umwite kwenye ukaguzi wa pamoja na mkaguzi huru, na udai rekodi kamili ya mashine, hewa inayotoka kwenye mashine na inayorudi. Hapo ndipo kesi nyingi huamuliwa. Ikiwa hewa inayotoka ilikuwa sawa tangu mwanzo, lakini inayorudi ilianza na joto kali ikashuka polepole, ndizi zilipakiwa za moto. Kontena la friji limeundwa kutunza baridi, halikuundwa kupoza shehena ya moto, na lawama itamwelekea mtumaji. Ikiwa hewa inayotoka yenyewe ilipanda katikati ya safari, au rekodi ina pengo la saa kadhaa, umeme ulikatika au mashine ilikufa, na msafirishaji ana maswali ya kujibu.

Muda nao ni mfupi. Kwa meli, chini ya Kanuni za Hague-Visby, uharibifu unaoonekana huandikwa wakati wa kupokea, uliojificha ndani ya siku 3. Kwa barabara chini ya CMR, mkataba wa kimataifa wa kusafirisha mizigo kwa barabara, unaoonekana ni palepale, uliojificha siku 7 bila kuhesabu Jumapili na sikukuu. Kwa ndege, Mkataba wa Montreal wa 1999 unakupa siku 14 tangu kupokea, na zikipita bila barua huna dai tena, isipokuwa msafirishaji awe amefanya udanganyifu.

Na usimwage kitu kabla mkaguzi hajafika. Baada ya hapo chambua haraka, uza zinazouzika na utunze risiti zote, kwa sababu ukiziacha zote zioze, msafirishaji atakata kwenye fidia hasara ambayo ungeweza kuizuia.