Tangu nitibiwe tezi dume, nachoka kabla hata ya kuanza kazi

Shangazi, mimi ni mwalimu mstaafu wa miaka 71, naishi Tanga. Mwaka jana nilitibiwa saratani ya tezi dume kwa mionzi jijini Dar es Salaam, na mpaka sasa nachomwa sindano ya homoni kila baada ya miezi mitatu. Daktari anasema naendelea vizuri, lakini nashinda nimelala. Wanangu wamenikataza kushika jembe, na barazani siendi tena kwa sababu mkojo hunivuja. Je, ndio uzee, au nguvu zitarudi?

Shikamoo Mwalimu,

Uzee una sehemu yake, lakini usiubebeshe lawama yote. Sindano hiyo huzima homoni ya kiume kwa kuwa ndiyo inayoichochea saratani ya tezi dume, na kwa bahati mbaya ndiyo hiyo hiyo inayojenga misuli, kuimarisha mifupa na kuusaidia mwili kutengeneza damu. Ndiyo maana wanaume wengi walio kwenye tiba hii huchoka upesi, huota kitambi, na usiku hushikwa na joto la ghafla hadi shuka ikalowa jasho.

Wanao wanakupenda, ila katika hili nawapinga. Uchovu wa namna hii hauishi kwa kulala. Kadiri unavyolala ndivyo misuli inavyozidi kunywea, na kesho yake hata kwenda kisimani kunakuwa safari. Kabla hujaanza lolote, muulize daktari wako kama damu yako inatosha, kama sukari na shinikizo la damu viko sawa, na kama saratani iligusa mifupa, kwa sababu ikiwa iliigusa, hupaswi kuinua vitu vizito wala kulima kwa nguvu mpaka upate maelekezo yake.

Akikuruhusu, anza na kidogo. Tembea asubuhi jua halijawa kali, dakika kumi zinatosha kwa wiki ya kwanza, kisha uongeze taratibu ukilenga dakika 150 kwa wiki, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linakipendekeza hata kwa wazee. Kutembea pekee hakutoshi, kwani misuli inataka kubebeshwa uzito: keti kwenye kiti kigumu, simama bila kujishika popote, keti tena, mara nane au kumi, siku nyingine inua vidumu viwili vidogo vya maji. Jembe utalirudia, lakini kwa tuta moja asubuhi, si shamba zima kwa siku moja ili kuwaonyesha watoto kwamba bado upo.

Sasa tuje kwenye baraza, maana naona hapo ndipo penye kidonda chenyewe. Kaza ile misuli unayoitumia kuzuia hewa isitoke, hesabu hadi tano, legeza, rudia mara kumi, asubuhi, mchana na jioni, bila kubana pumzi. Hakuna atakayejua, hata ukifanya huku unasikiliza taarifa ya habari. Matokeo huonekana baada ya wiki kadhaa, si siku mbili. Usipunguze maji kwa kuogopa kuvuja, kwa kuwa mkojo mzito huwasha kibofu. Punguza kahawa na chai ya rangi, ambazo humsumbua mtu mwenye tatizo hili. (Najua kumwambia mtu wa Tanga aende barazani asinywe kahawa ni kumtafutia ugomvi, basi kunywa kikombe kimoja.) Zipo pedi za wanaume na nguo za ndani za kufyonza mkojo, ulizia kwenye maduka ya dawa, uvae, kisha uende ukakae na wenzako.

Mambo mengine hayangoji tarehe ya kliniki. Ukipata maumivu mapya ya mgongo yasiyotulia usiku, miguu ikalegea au kufa ganzi, mkojo ukakataa kutoka, au ukaona damu kwenye mkojo, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Na kwenye sindano ijayo fuatana na mmoja wa hao wanaokunyang'anya jembe, amsikie daktari mwenyewe.

Shangazi