Kabla hujaniomba PDF

Meseji za wiki tatu nimezinakili kwenye daftari na kuzigawa mafungu matatu: za watu wanaotaka kusoma, za watu wanaotaka kuonekana wamesoma, na za wale wanaouliza "bei gani?" bila kutaja kitabu. Fungu la tatu nimelichana. Kwa mgeni wa safu hii: nauza vitabu hapa Mwanga, Kigoma, vipya vichache na vikuukuu vingi. Ninachopendekeza ni kile nilichosoma mwenyewe nikakipenda. Vitabu vya "siri za matajiri" viko rafu ya mlangoni, chukua, lipa, uende salama. Mimi navyo hatuongei.

Shikamoo mzee. Nataka kuanza riwaya za upelelezi za Kiswahili. Nianze na Musiba, Mtobwa au Bwana Msa? (Msomaji, Gungu)

Marahaba. Anza na Bwana Msa, mpelelezi wa kwenye vitabu, na anza na *Mzimu wa Watu wa Kale*. Muswada wake ulishinda mashindano ya uandishi ya Afrika Mashariki mwishoni mwa miaka ya 1950, kitabu kikatoka 1960, na tangu hapo kila mpelelezi wa Kiswahili anadaiwa naye shikamoo. Mwandishi wake, Muhammed Said Abdulla, alizaliwa Makunduchi, Unguja, 1918, na kabla ya kuwa mhariri alikuwa bwana afya. Mimi nadhani hapo ndipo siri ilipo. Mtu aliyezunguka miaka akikagua mitaro na vyoo vya watu hujifunza kutazama mahali ambapo wengine wanaziba pua na kupita.

Watu hupenda kusema Bwana Msa ni Sherlock Holmes aliyevaa kanzu. Kiko anacho, na Najum anayemfuata nyuma akielewa mambo kinyume yupo. Umbo kaazima, sikatai. Lakini kesi zake hazitoki London. Zinatoka kwenye nasaba, mirathi, mtoto aliyelelewa na asiye mzazi wake, ndoa iliyofichwa. Yaani zinatoka kwenye vikao vya ukoo, vile ambavyo wewe na mimi tumeshakaa mkekani tukasikiliza wazee wakikohoa badala ya kujibu. Na kila wanakijiji wanaposema "ni mzimu", Bwana Msa anawasha kiko na kuuliza nani amefaidika. Sisi wa Kigoma, ambao hatuwezi kushuka stendi ya mkoa wowote bila kutaniwa habari za uchawi, tulipaswa kuwa wa kwanza kukariri vitabu hivi.

Baada ya hapo nenda *Kisima cha Giningi*, kisha *Siri ya Sifuri*. Usianze na *Siri ya Sifuri*, mafundo yake ni mengi na utanirudishia kitabu ukidai kurasa zimechanganywa. Katikati weka *Simu ya Kifo* ya Faraji Katalambulla, ya 1965, ambayo ni fupi na imekaza kama ngoma iliyoanikwa juani. Musiba ni wa safari ya treni. *Kufa na Kupona* ilitoka 1974 na Willy Gamba, jasusi wake, hajapumzika hadi leo. Ila nakuonya mapema, kwake mwanamke mrembo ana kazi mbili tu, kupenda au kusaliti, na wakati mwingine zote mbili katika sura moja. Soma kwa raha, lakini usimwige kwenye ndoa.

Bosi naomba PDF ya Willy Gamba. (Namba sita tofauti, maneno yale yale)

Hapana.

Hata sura mbili tu?

Hapana.

Kwa nini kila wiki lazima umtaje Ben Mtobwa? Wengine tumechoka. (Msomaji, Katubuka)

Umechoka kumsikia au umechoka kumsoma? Maana nina uhakika wa la kwanza tu.

Ben Mtobwa ni wa mkoa huu. Kazaliwa 1958, kafariki 2008, na katikati ya miaka hiyo hamsini kaandika rafu nzima, kaanzisha na kampuni yake ya uchapishaji, Heko, kwa sababu alijua anayesubiri kuchapishwa na wengine atazeeka na muswada kwapani. Mpelelezi wake, Joram Kiango, alisomwa na makondakta, walimu, askari na wanafunzi wa bweni waliokuwa wakificha kitabu ndani ya daftari la jiografia. Mmoja wa wanafunzi hao ndiye anayeandika safu hii. Nilinyang'anywa *Salamu Kutoka Kuzimu* nikiwa sura ya mwisho, na mwalimu aliyeninyang'anya alinirudishia baada ya siku nne akiwa ameimaliza yeye.

Sasa simama pale stesheni, mwisho wa reli, uliza vijana kumi ni nani kaitangaza Kigoma. Watakutajia Diamond na Alikiba kwa asili yao, watakuimbia "Leka Dutigite" ya Kigoma All Stars ya 2012 mwanzo hadi mwisho. Vizuri, hata mimi naiimba. Mtobwa je? Kimya. Kuna mmoja aliniuliza kama ni mchezaji wa zamani.

Kwa asiyemjua kabisa nashauri *Dar es Salaam Usiku*. Joram hayumo, na si ya upelelezi kwa maana ya kutafuta muuaji. Ni ya jiji, pesa na miili, na imetafsiriwa hadi kwa Kiingereza. Mzazi, isome wewe kwanza kabla hujampa mtoto wa kidato cha pili, usije ukaniletea kesi dukani. Ukiipenda, rudi uchukue *Tutarudi na Roho Zetu?* na utaelewa kwa nini sichoki.

Mama mkwe wa Ujiji nasalimia. Mjukuu wangu wa miaka kumi na tano anaimba mchana na usiku. Nimnunulie kitabu gani cha muziki?

Shikamoo mama. Mnunulie *Wasifu wa Siti binti Saad* wa Shaaban Robert. Ni kitabu chembamba, hatakiogopa.

Naomba nikae hapa kidogo, kwa sababu hiki ndicho kitabu ninachokisukuma kuliko vyote na ndicho kinachorudi kwenye rafu kuliko vyote. Watu wakiona jina la Shaaban Robert wanakumbuka mtihani. Siti alizaliwa Fumba, Unguja, yapata 1880, baba Mnyamwezi, mama Mzigua, na ukoo wa utumwa nyuma yao. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuuza vyungu, akitembea kutoka shamba hadi mjini akinadi kwa sauti. Sauti ile ya kunadi vyungu ndiyo iliyokwenda Bombay 1928 kurekodiwa kwenye santuri, taarab ya Kiswahili ikasikika mbali kuliko miguu yake ilivyowahi kufika. Mjukuu anayelalamika kwamba hana studio, hana bando na hana meneja, asome sura hizo mara mbili.

Kasoro ya kitabu naisema wazi: Shaaban Robert alimpenda mno mtu wake. Kila ukurasa ni sifa. Anayetaka Siti wa ugomvi, wa wivu wa wenzake na wa siasa za mjini, atampata kwenye vitabu vya Laura Fair, mwanahistoria wa Kimarekani, ila viko kwa Kiingereza na bei yake hapa Kigoma sitaitaja mbele ya mama wa watu.

Na hili hukuuliza, mama, lakini nitalisema. Wapenzi wa upelelezi wautafute wimbo wa Siti uitwao "Kijiti". Ni kisa cha kweli cha Unguja ya enzi zake. Mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam anatolewa matembezi, kuna pombe, asubuhi ni maiti. Kijiti anavuka bahari na kupotelea bara. Mbele ya hakimu wanabaki wanawake waliokwenda kutoa ushahidi, na adhabu inawaangukia wao kwa sababu ya ile pombe. Muuaji yuko huru ng'ambo, mashahidi ndani. Siti akauimba mjini, watu wote wakijua anamsema nani na anaisema mahakama gani. Hiyo ilikuwa miongo kadhaa kabla Bwana Msa hajawasha kiko chake.

Tukiwa Kibirizi tumebishana: ile filamu ya kizungu ya The African Queen ni ya meli yetu ya Liemba au siyo?

Nusu. Na wote mliobishana mdaiane soda wenyewe kwa wenyewe.

Filamu ni ya 1951, Humphrey Bogart na Katharine Hepburn. Imetokana na riwaya ya C. S. Forester ya 1935, na Forester aliokota wazo kwenye vita vya ziwa letu. Lakini ndani ya riwaya ziwa si Tanganyika, kalipa jina la kubuni, na manowari ya Wajerumani kaiita Königin Luise. Ya kwetu iliitwa Graf von Götzen. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, 1913, ikafunguliwa vipande, ikaja kwa meli hadi Dar es Salaam na kwa reli hadi hapa, ikaunganishwa na kushushwa majini 1915. Kwenye filamu meli inalipuliwa. Ya kweli haikulipuliwa na shujaa yeyote. Wajerumani wenyewe waliizamisha Julai 1916 walipoona wanazidiwa, na kabla ya hapo mafundi wakapaka mitambo grisi nene kwa matumaini ya kuirudia. Hawakuirudia. Waingereza wakaiibua 1924, na 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba. Grisi ile, kwa maoni yangu, ni mwisho mzuri kuliko mlipuko wowote wa sinema. Hollywood haikuutumia.

Wala kamera haikufika hapa. Walipiga Kongo na Uganda, nyingine Uingereza. Kwa anayesoma Kiingereza, Hepburn aliandika kitabu chepesi, cha 1987, juu ya taabu za kutengeneza filamu hiyo. Karibu kila mtu aliugua isipokuwa Bogart na mwongozaji John Huston, ambao maji hawakuyagusa, walikunywa wiski. Kwa vita yenyewe, boti mbili za Kiingereza zilizoburutwa nchi kavu kupitia Kongo hadi ziwani, msome Giles Foden, *Mimi and Toutou Go Forth*. Nina nakala moja na siiuzi. Unaweza kuisoma ukiwa umekaa hapa dukani, mikono ikiwa safi. Waliotoka kula migebuka wapite bombani kwanza.

Nina mtihani wa kidato cha sita. Naweza kuangalia filamu ya Vuta N'kuvute badala ya kusoma kitabu?

Hapana, mwanangu. Filamu ya Amil Shivji ya 2021 ni nzuri, na ilikwenda hadi tamasha la Toronto. Lakini mtahini hatakuuliza rangi ya bahari. Atakuuliza Yasmin aliozwa vipi kwa Raza, na Denge anaamini nini, na Adam Shafi amechukua kitabu kizima kujibu. Isome, fanya mtihani, kisha angalia filamu ukiwa umeegemea. Halafu mwambie mwalimu wako kwamba *Haini* ya Shafi huyo huyo ipo, ya watu waliokamatwa baada ya Karume kuuawa 1972. Sijasoma riwaya ya Kiswahili inayoijua jela kuliko hiyo.

Kuna kitabu cha rumba ya Kongo? Baba alikuwa anavusha mizigo Kalemie, nyumba nzima ilikuwa Franco tu.

Gary Stewart, *Rumba on the River*. Kiingereza, kinene, usisome kitandani kitakuvunja pua. Weka santuri za mzee pembeni, kila sura icheze na wimbo wake. Kwa Kiswahili sina cha kukupa cha upana huo, na ni aibu, kwa sababu Remmy Ongala na bendi ya Maquis walitoka huko huko ng'ambo wakaja kuishi kwetu na kuimba kwa lugha yetu. Mwenye baba aliyewaona jukwaani amkalishe chini na daftari wiki hii. Wazee hawa wanapungua.

Nasoma hadithi kwenye grupu la WhatsApp, tuko sehemu ya 61, kila sehemu nalipa mia mbili. Mke wangu anasema natapeliwa. (Kasulu)

Mwambie shemeji umetapeliwa ikiwa sehemu ya 62 haiji. Ikija, umelipa mwandishi, jambo ambalo wale namba sita wa juu hawajawahi kufanya. Hadithi za magazeti zilikuwa hivyo hivyo, zinakatwa mtu akiwa ameshika kitasa cha mlango, *itaendelea*, nawe unasubiri treni ilete gazeti la juzi. Mimi nina tatizo na uandishi wenyewe. Muuaji aliyefia sehemu ya 19 yuko hai sehemu ya 40, na mwandishi anategemea tumesahau. Msome Hussein Tuwa, *Mkimbizi*, uone hadithi inavyokimbia bila kujikwaa.

Na kwa kuwa nimewataja wale wa PDF: mwaka jana kijana mmoja alikuja kuniuzia, mimi mwenye duka, fotokopi za riwaya ishirini zilizofungwa kwa waya, akaniambia "mzee hizi zinatoka haraka". Zinatoka, ndiyo. Ndiyo sababu mchapishaji hachapi tena, ndiyo sababu nakala halisi uliyonayo haina jalada wala kurasa nane za mwisho, na ndiyo sababu wewe huyo huyo utakaa kwenye kahawa ukisema Kiswahili hakina riwaya.

Nataka kuandika filamu. Kitabu gani kinafundisha?

Soma riwaya kumi ambazo ungependa ziwe filamu. Ukifika ya kumi na bado unataka, njoo tuongee.

Ijumaa unafunga saa ngapi?

Saa sita, nafungua saa nane. *Simu ya Kifo* imebaki moja, imeunganishwa kwa selotepu mgongoni, na aliyepiga simu jana kuniambia nimwekee ana mpaka Jumamosi.