Chembe za Kinga na Chakula Chake: Maswali Yenu Kuhusu VVU

Nimesikia kuna watu wana VVU, hawatumii dawa, na kipimo hakioni virusi. Ni kweli? (Msomaji, Morogoro)

Ni kweli, ila hawafiki hata mtu 1 kati ya 100 wenye VVU. Baadhi wamezaliwa na vinasaba vinavyowasaidia. Jambo jingine ni namna chembe zao za CD8, zile zinazoua chembe zilizovamiwa, zinavyopata nguvu. Mwaka 2019 watafiti wa Taasisi ya Pasteur, Paris, walionyesha kwamba CD8 za wagonjwa wengine hutegemea mno sukari. Za hawa wachache huchoma pia mafuta ndani ya mitokondria, vinu vidogo vya nishati, kwa hiyo hudumu na huitika kila zinapohitajika. CD8 dhaifu zilipowekewa protini iitwayo interleukini-15, nazo zikaanza kupambana na virusi vizuri zaidi. Hayo ni ya maabara, bado si tiba, lakini mimi yamenipa matumaini makubwa: chembe iliyochoka inaweza kufundishika.

Je, niache dawa nione kama na mimi ni mmoja wao?

Usithubutu. Hata hao hushauriwa kutumia ARV, kwa sababu miili yao hupigana na virusi usiku na mchana na vita hiyo huwachosha.

Nikiacha sukari kabisa, virusi si vitakufa njaa? (Baba Neema, Dodoma)

Hapana, Baba Neema, ingawa wazo lako lina chanzo. VVU hupenda CD4, chembe za kinga ambazo virusi hivi huzivamia, hasa zile zinazochapa kazi na kula sukari nyingi. Zilizotulia huviwia vigumu. Lakini hata ukifunga kutwa, ini lako huendelea kumwaga sukari kwenye damu. Tena, huwezi kuinyima CD4 ukaibakizia CD8 na ubongo. Kula ugali wako na maharage na mboga.

Huu mwaka wa nne kipimo changu cha wingi wa virusi hakioni kitu. Kwa nini daktari hataki nipumzishe dawa? (Dada wa Tanga)

Dada yangu, VVU hujipachika ndani ya vinasaba vya CD4. Baadhi ya chembe hizo husinzia miaka na miaka: hazizalishi virusi, kinga haizitambui, na dawa haziwezi kuving'oa virusi humo. Ukiacha dawa, chache tu zikiamka zinatosha; kwa watu wengi virusi hurudi ndani ya wiki chache. Ukiendelea na dawa, na kipimo kikabaki hivyo, humwambukizi mwenzi wako kwa tendo la ndoa. Daktari wako yuko sahihi.