Maswali yenu: aliyekutumia sio chanzo

SWALI: Habari za kazi dada. Mi nauza samaki huku Kirumba, Mwanza, sangara na sato. Juzi kati hapa ilizunguka picha kwenye magrupu, sangara wakubwa wamekufa wanaelea pembeni ya ziwa, imeambatana na voisi ya mtu analia anasema kuna watu wamemwaga sumu ziwani msile samaki mpaka itangazwe. Siku ile ile mama ntilie wangu wote wakakata oda, mzigo ukanibakia kwenye barafu na barafu yenyewe nanunua. Nikauliza kwenye grupu nani kaileta hii, naambiwa imetoka kwa mtu wa kuaminika. Sasa mtu kama mimi nitajuaje hiki kweli hiki uongo?
Mama Sangara, Kirumba

JIBU: Pole sana mama, tena pole ya mzigo, najua barafu ikishayeyuka hamna wa kukurudishia hela. Nianze na hilo neno "mtu wa kuaminika" maana hapo ndo wengi tunapopotelea. Shoga yako anaaminika kwenye kukopeshana na kufikisha salamu, sawa kabisa, ila huko ziwani hakuwepo, katumiwa na wifi yake, wifi naye kaitoa kwenye grupu la kikoba, na ukifuatilia mpaka mwisho unaweza usikute hata mtu mmoja aliyemwona huyo samaki kwa macho yake. Aliyekutumia sio chanzo. Chanzo ni aliyeona, au aliyepima, na huyo lazima awe na jina na mahali.

Kuna kitu kingine ambacho naomba ukishike vizuri, picha inaweza kuwa ya kweli kabisa na habari iliyobandikwa juu yake ikawa ya uongo. Mwishoni mwa 2020 kuingia Januari 2021 kwenye hili hili Ziwa Victoria, upande wa Uganda, samaki walikufa kweli, wengi wao sangara, na maneno ya sumu yakasambaa hivi hivi. Wataalamu wao walipochunguza wakasema sio sumu, ni oksijeni ilipungua kwenye maji, yani dhoruba ikilivuruga ziwa yale maji ya chini yenye hewa kidogo yanapanda juu, na sangara anahitaji oksijeni nyingi kuliko samaki wengi kwa hiyo yeye ndo anatangulia kufa. Picha za wakati ule bado zipo kwenye simu za watu, na kila mwaka mtu anaweza kuibua moja akaiandikia stori mpya. Ukiipata tena mpe mwanao aiingize kwenye Google Lens, itawaonyesha kama ilishawahi kutokea sehemu nyingine na lini, ikionekana ilikuwepo miaka minne iliyopita basi haiwezi kuwa ya juzi, hapo huhitaji kubishana na mtu.

Mwaka 1948 msomi mmoja wa Marekani, Harold Lasswell, aliandika kwamba ukitaka kuyaelewa mawasiliano uliza nani anasema, anasema nini, kwa njia gani, kwa nani, na matokeo yake nini. Mi nayapenda sana haya maswali kwa sababu hayahitaji shule kubwa. Yachukue uyaweke kwenye ile voisi. Nani? Hajajitaja. Anasema nini? Sumu, ila hataji mwalo, yani pale samaki wanaposhushwa, wala siku, anasema tu "pembeni ya ziwa", na ziwa hili lina nchi tatu! Njia gani? WhatsApp, na angalia juu ya ujumbe kama kuna mishale miwili, hiyo inamaanisha umeshapita mikono mitano au zaidi kabla haujafika kwako, na ndo maana tangu 2020 ujumbe wa hivyo WhatsApp hawakuruhusu kuutuma kwa watu wengi kwa mkupuo, ni mmoja mmoja. Matokeo unayajua mwenyewe, wewe ndo umelala na mzigo.

Siku nyingine kabla hujamwaga samaki piga simu kwa watu wa BMU, kile kikundi cha kusimamia uvuvi cha mwalo unaonunulia, au afisa uvuvi, na TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi, wana kituo chao hapa hapa Mwanza. Na mama ntilie wako usiwaambie tu "ni uongo", waambie huyu sangara ametoka mwalo fulani, alfajiri ya leo, nimenunua kwa fulani, na namba yake hii hapa, wapate mtu wa kumuuliza. Ila na mimi nisieleweke vibaya, samaki aliyekutwa ameelea amekufa asiokotwe auzwe hata kama sio sumu, toeni taarifa.

SWALI: Shikamoo dada. Baba yangu anafowadi kila kitu, dawa za kisukari, ajira za uongo, bando za bure, vyote anatupa kwenye grupu la ukoo. Nikamwandikia pale pale "mzee hiyo feki", shangazi wakacheka, tangu hapo hataki kuongea na mimi. Nifanyeje?
Kijana wa Buswelu

JIBU: Marahaba. Kwanza nenda kamwombe radhi, na uende kwa miguu yako sio kwa meseji. Ulichosema kilikuwa kweli ila mahali ulipokisemea ulimvua nguo mbele ya dada zake. Mzee wako amekulia kwenye Redio Tanzania Dar es Salaam, ilikuwa ndo redio ya nchi, mpaka miaka ya 90 zikaja redio binafsi na huku kwetu tukapata Radio Free Africa, na kote huko kikisomwa kwenye taarifa ya habari kuna mhariri amekipitia. Kwenye simu hakuna mhariri, ila yeye bado anakuja na imani ile ile ya redio. Kwa hiyo mfuate pembeni, "baba hii ya dawa umeipata kwa nani, mi nimeuliza hospitali wamesema hivi", alafu muache aifute mwenyewe. Na ya kisukari usiiache ipite hata siku moja, mtu akiacha dawa zake kwa ajili ya meseji anaweza kufa.

SWALI: Hata vyombo vikubwa vinabadilisha habari, si bora tusiamini yeyote?
Mwanafunzi, Nyakato

JIBU: Hapana mdogo wangu, hapo utabaki huna pa kushika. Ndege ya Precision Air ilipoanguka ziwani pale Bukoba tarehe 6 Novemba 2022, mwanzoni ilitajwa wameokolewa 26, baadae ikathibitishwa kati ya watu 43 waliopona ni 24 na waliofariki 19. Ule haukuwa uongo, watu walikuwa bado wako kwenye maji wanaokoa. Kukosea na kudanganya ni vitu viwili, na hata Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inamshika anayechapisha huku anajua ni uongo na kwa nia ya kupotosha, faini kuanzia milioni 5 au jela kuanzia miaka 3, au vyote. We angalia chombo kikikosea kinarudi kusema tulikosea, au kinafuta kimya kimya. Kinachorudi kifuatilie, na habari ya ajali usiisambaze saa ya kwanza, kuna familia inaweza kusomea msiba wake kwenye statasi yako.