Mafundi wa ndege tusisubiri kukumbukwa, tuombe kwa barua

Juzi dogo mmoja yuko mafunzo kazini kaniandikia, "Kaka shikamoo, nimeona picha zenu na zile hati mlizopewa za kutambuliwa kama mafundi wa ndege, hongereni. Sisi huku hata mlinzi wa geti hajui kama tupo. Nyie mlifanyaje?" Nikaanza kumjibu kwa meseji ikawa ndefu mpaka simu ikagoma, nikaona niandike hapa tu, maana najua siyo yeye peke yake. Kila aliyeshika spana ya ndege hamu hii ya kutambuliwa anayo, hata anayejifanya hajali.

Ngoja nianze na kinachouma. Ndege ikitua hapa Mwanza abiria wakipiga makofi anapigiwa rubani. Sawa, anastahili, sina ugomvi na marubani na wengine ni washkaji zangu kabisa. Ila kabla ile ndege haijaruka kuna mtu kaizunguka na tochi, katoa vifuniko kwenye mirija ya pito (huku ziwani usipofunika wadudu wanaingia, na hiyo ndo inampa rubani kasi ya ndege, ikiziba anasomewa uongo), kachuja mafuta kidogo chini ya tenki kuona kama yana maji, halafu kaandika jina lake na namba ya leseni yake ya TCAA (mamlaka ya usafiri wa anga Tanzania) akasaini kwamba kazi imefanyika na ndege iko salama. Likitokea la kutokea huyo anatafutwa kabla jua halijazama. Yaani kwenye lawama tuko rasmi kabisa, kwa jina na namba. Kwenye shukrani ndo hatupo.

Ile ndege ya Precision Air ilipoingia ziwani Bukoba tarehe 6 Novemba 2022, watu 19 wakatutoka, mi hata haikuwa kampuni yangu. Lakini asubuhi ile ile pale Pasiansi jamaa ananishika bega, "nyie mafundi mlikagua nini?" Ripoti hakuna, uchunguzi haujaanza, na mtu huyo huyo miaka yote alikuwa anajua mi nabeba mizigo ya abiria. Nilimwangalia tu nikapanda daladala.

Halafu kuna usiku wa korongo. Mnaoishi Mwanza mnawajua hawa ndege wakubwa wenye vipara wanaoshinda soko la samaki la Mwaloni wakisubiri utumbo, sasa mmoja wao aliingia kwenye njia ya ndege inayotua jioni. Injini ilikuwa inanuka nyama iliyoungua, manyoya yameganda mdomoni kwa injini, damu imechora mstari mrefu ubavuni. Ndege ina abiria wa alfajiri. Tukafungua, tukaingiza kamera ya mrija ndani ya injini, unaizungusha pole pole blade moja moja unatafuta ufa au mkunjo, huku wadudu wa ziwani wamejaa kwenye taa mpaka unawatafuna. Tukamaliza, tukahesabu vifaa vyote kimoja kimoja maana kifaa kikipungua ndege haiondoki hata kama ni bisibisi ndogo, nikasaini. Asubuhi kwenye ukurasa wa kampuni ikawekwa picha ya kapteni, "shujaa wetu". Hakuna hata neno "na timu". Mpaka leo nikiikumbuka ile picha inanikera, sitadanganya.

Sasa siku moja niko shifti ya usiku kumetulia nikaanza kusoma habari za Charles Taylor, fundi wa Kimarekani. Huyu wengi hawamjui hata ndani ya kazi yetu, na ni aibu. Wote tumefundishwa ndugu wawili wa Wright waliruka na ndege yao yenye injini Marekani tarehe 17 Desemba 1903. Je injini ilitoka wapi? Alitengeneza fundi wao wa karakana ya baiskeli kule Dayton, Ohio, huyo Taylor, kwa wiki kama sita, na mashine ya kukereza na ya kutoboa, nguvu farasi kama 12 hivi. Bila yeye wale ndugu wangebaki na tiara kubwa. Akafa mwaka 1956 watu wengi wameshamsahau. Mafundi wa kule ndo wakaamua hapana, wakaichukua tarehe yake ya kuzaliwa, 24 Mei, wakaanza kuomba itambuliwe kuwa siku ya mafundi wa ndege. Hawakuanza juu, walianza jimbo, California ikakubali mwaka 2002, majimbo mengine yakafuata, na mwaka 2008 Bunge lao la Wawakilishi likapitisha azimio. Mamlaka yao ya anga nayo inatoa tuzo yenye jina la Taylor kwa fundi aliyefikisha miaka 50 kwenye kazi. Miaka 50 bana!

Nikasema kumbe hawa waliomba. Walikaa chini wakaandika, hawakukaa kantini kulalamika kama sisi.

Sisi tulikuwa tunalalamika vizuri sana. Mei Mosi kila mwaka mfanyakazi bora anatoka ofisini, mwaka huu uhasibu, mwakani rasilimali watu, mwaka unaofuata uhasibu tena, na sisi tuko kwenye aproni, pale ndege zinapoegeshwa, tunasikia spika kwa mbali. Nikamfuata mkuu wangu nikamwambia, akanijibu kwa upole "wazo zuri, tutaliangalia". Mkishasikia "tutaliangalia" jueni limeisha hilo.

Aliyenifungua macho alikuwa mesenja wetu, mzee wa Kisukuma, kila asubuhi "mwangaluka" yake haikosi. Akaniambia mwanangu, ombi lisilo na namba ya masjala ni karatasi ya kufungia maandazi. Andika barua, weka "Yah", pitisha kwa mkuu wako, ipigwe mhuri wa kupokelewa, ubaki na nakala. Basi. Hapo mtu hawezi kusema hakuiona, na faili likishafunguliwa lazima lijibiwe na mtu.

Nikaandika. YAH: OMBI LA KUTAMBULIWA RASMI MAFUNDI WA NDEGE TAREHE 24 MEI. Ukurasa mmoja. Nikaeleza Taylor ni nani kwa mistari mitatu, nikaeleza kazi yetu, nikaomba vitu viwili tu, tutajwe kwenye risala na tupewe hati yenye saini na mhuri. Sikuomba posho! Wenzangu walitaka tuweke na posho nikakataa kabisa, maana ukichanganya heshima na hela barua inahamia kwa mhasibu na haitoki huko. Nikaambatanisha majina yote na namba za leseni, pamoja na mafundi wasaidizi ambao hawana leseni bado, kwa sababu usiku wa korongo nao walikuwepo.

Katikati hapo kulikuwa na kungoja kwingi na kukumbushia, siwezi kuwachosha. Kila nilipokumbushia nilikumbushia kwa barua yenye kumbukumbu namba ya ile ya kwanza.

Siku yenyewe ukumbi uko upande wa ziwani, meza kuu imepambwa, mgeni rasmi kaja. Mwenzetu mmoja katoka shifti moja kwa moja, ovaroli ina grisi mpaka mgongoni, kijana wa itifaki akamzuia mlangoni, "mafundi wa majenereta wapite nyuma". Nikatoka nje nikamwambia huyu ni namba nne kwenye ratiba yako, soma. Akasoma. Akampisha, na kiti akamtafutia mwenyewe. Majina yakasomwa, langu likakosewa kidogo sikujali, nikaenda mbele nikapokea hati, na kugeuka hivi naona marubani wamesimama wanapiga makofi, wa kwanza kusimama ni yule kapteni wa kwenye picha. Mwanangu wa kike alikuwepo. Shuleni walimu walikuwa wanajua baba yake "yuko uwanja wa ndege", sasa ile hati aliipeleka darasani kabla mimi sijapata hata muda wa kuiwekea fremu.

Kwa hiyo wadogo zangu nawaambia, acheni kusubiri. Andikeni. Mnakaa vijiweni mnasema nchi hii haithamini mafundi, barua mmeandika? Mhuri mnao? Mtu atakutambua vipi kama hata orodha ya majina yenu haipo popote zaidi ya kwenye logibuku, lile daftari la matengenezo ya ndege? Anzeni hapo mlipo, kampuni, uwanja, mkoa, msianze na waziri. Andikeni kwa heshima, tajeni tarehe, ambatanisheni majina, bakini na nakala, kumbushieni. Na nyie wenyewe mjiheshimu kwanza, ukisaini kazi ambayo hukuikagua usije ukataka hati, huo ni wizi, na siku likikupata usiseme kaka hakuniambia. Mungu anaona mpaka ndani ya injini kusikofika kamera.

Sasa hivi tunalo lingine, tunataka mafundi wasaidizi nao wasomwe kwa majina, maana mwaka huu waliishia kuitwa "na wengineo" licha ya kuwa kwenye orodha niliyopeleka. Barua iko masjala tayari, ina mhuri.

Dogo, ya kwako nitumie niipitie kabla hujaipeleka. Ila ile uliyoniwekea kwenye meseji ina kurasa tano, hakuna mkubwa atakayeimaliza. Kata ibaki moja, ile sehemu ya mshahara toa, na cheo cha unayemwandikia kiandike kamili.